Gede: vyumba vyembamba na mtaa usioonekana

Mtoto akiingia katika nyumba za mawe za Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Watamu katika kaunti ya Kilifi, haanzi kwa kuuliza habari za sultani. Hupima chumba kwa macho, kisha huuliza: mbona ni chembamba hivi? Kwa urefu kinakwenda sawasawa, lakini kwa upana ni hatua chache tu umegonga ukuta. Baadhi ya wazazi hujibu kwamba watu wa kale walikuwa wafupi. Jibu lenyewe limo katika paa, ambalo lilikwisha kuporomoka zamani.

Paa hilo lilikuwa bapa, la mawe na chokaa, nalo lililala juu ya boriti za mikoko. Sakafu ya juu ya aina hiyo ni nzito mno. Boriti ikizidi mita 2.5 au 3 baina ya ukuta na ukuta huanza kupinda, na siku moja nyumba humwangukia mwenyewe. Basi fundi aliyetaka kumpa tajiri wake chumba kikubwa alikirefusha tu; kukipanua hakuweza. Ndiyo maana katika miji mingine ya mawe kama Lamu na Songo Mnara pia utakuta vyumba vya umbo lilo hilo. Wape watoto kazi ya kupima kwa hatua, nyumba hadi nyumba, hata katika jumba la mtawala. Watagundua kwamba mwenye mamlaka na jirani yake mfanyabiashara wote walitawaliwa na mti wa mkoko.

Kuta nazo zinasomeka. Sehemu kubwa ni mawe magumu ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, yakashikanishwa kwa chokaa. Kwenye mihrabu na miimo ya milango jiwe hubadilika: ni laini, la vitundu vidogo vidogo. Hilo ni tumbawe lililotolewa baharini na kuchongwa likingali bichi, kabla halijakauka na kuwa gumu. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kupanga rundo la kuni, kuweka matumbawe juu yake na kuliwasha moto. Ukifikiria kuni hizo, wachomaji hao na wabebaji hao, utaelewa kwamba nyumba ya mawe haikuwa jambo la kila mtu.

Na hapo ndipo wageni wengi hupotea. Ukuta wa nje wa mji ulizunguka eneo la ekari 45 hivi, lakini magofu ya mawe yamekusanyika katika sehemu yake tu. Penginepo ni msitu, kima wanarukaruka (ficheni ndizi zenu), na familia hupita haraka zikidhani hapakuwa na kitu. Hapo palikuwa na nyumba za udongo na makuti, na ndimo walimoishi wakazi wengi. Udongo umerudi kuwa udongo. Mimi ningesimamisha watoto hapo kwa muda mrefu kuliko langoni pa jumba la kifalme, ingawa najua picha nzuri ziko langoni.

Matokeo ya uchimbaji uliofanywa na mwanaakiolojia James Kirkman kuanzia mwaka 1948 yanaonekana hata katika majina. Nyumba ziliitwa kwa vitu vilivyopatikana ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Kaburi moja lina maandishi ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia, nalo lilimsaidia kukadiria umri wa majengo mengine. Vyombo vya China husifiwa sana, na kweli ni vizuri, ila vigae vilivyojaa ardhini ni vya vyungu vya kupikia vilivyofinyangwa papa hapa pwani.

Kabla ya kuondoka, chungulieni kisima cha karibu na Msikiti Mkuu, watoto wakishikwa mikono. Ni kirefu. Kirkman alihisi kwamba maji yalizidi kushuka chini na huenda hilo lilichangia watu kuhama, kwani mwanzoni mwa karne ya 17 mji ulikuwa umeachwa. Wengine hutaja uvamizi wa Wazimba katika pwani hii mwishoni mwa karne ya 16, au mtawala wa Malindi kuhamia Mombasa na kuondoka na biashara yake, au msukumo wa Waoromo kutoka kaskazini. Kwa maoni yangu hakuna sababu moja kati ya hizo inayotosha peke yake. Mji unaokosa maji huweza kuvumilia, ila si pale wateja na usalama navyo vinapoadimika. Anayewatembeza akiwapa sababu moja kwa uhakika mkubwa, muulizeni kuhusu hizo nyingine.

Makumbusho madogo yaliyopo hapo yaacheni mwisho. Mkasi una maana zaidi kwa mtoto aliyekwisha kusimama ndani ya nyumba ulimookotwa.