Sonona vijijini Uganda: gharama ya kumfuata mgonjwa aliko

Mwaka 2006, tathmini ya huduma za afya ya akili nchini Uganda ilikuta madaktari bingwa wa magonjwa ya akili 0.08 kwa kila watu 100,000. Yaani daktari mmoja kwa watu 1,250,000. Serikali ilitumia karibu asilimia 1 ya fedha zake za afya kwa magonjwa ya akili, na zaidi ya nusu ya kiasi hicho iliishia Butabika, hospitali ya taifa iliyoko Kampala. Mji wa Masaka, kwa mfano, uko kilomita 130 hivi kutoka hapo, na mgonjwa wa akili hasafiri peke yake: ni nauli za watu wawili, kwenda na kurudi, na shamba linalala.

Tumpe daktari huyo mmoja wagonjwa wake wote. Katika watu 1,250,000, tuseme 600,000 ni watu wazima na mmoja katika kumi ana sonona. Hao ni 60,000. Akiona wagonjwa kumi kwa siku, siku 250 kwa mwaka, itamchukua miaka 24 kumwona kila mmoja mara moja tu. Na kiwango cha mmoja katika kumi nimekishusha makusudi, maana utafiti uliofanywa Masaka na Rakai, wilaya zilizopigwa vibaya na UKIMWI tangu mwanzo wake, ulikuta asilimia 21.

Katika wilaya hizo hizo, mwaka 2002, mtafiti Paul Bolton na wenzake walijaribu njia nyingine katika vijiji 30. Walichukua wakazi wa huko huko, wasiowahi kusomea tiba ya akili, wakawafunza kwa wiki mbili. Kisha wakawa wanaongoza vikundi vya wagonjwa huko huko vijijini, dakika 90 kwa wiki, kwa wiki 16. Walizungumza misiba, ugomvi na mabadiliko makubwa ya maisha. Hakuna aliyepanda basi kwenda Kampala.

Kabla ya vikundi, asilimia 86 ya washiriki walikuwa na sonona. Baada yake, asilimia 6.5. Katika vijiji vya kulinganisha, ambavyo havikupewa vikundi, kiwango kilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Miezi sita baadaye, waliokuwa vikundini walisimama kwenye asilimia 11.7, wenzao 54.9. Wengi hupata nafuu wenyewe, kwa hiyo mchango halisi wa tiba ni ile tofauti: takriban watu 40 katika kila 100. Hata hivyo ni tofauti kubwa mno kwa tiba isiyotumia hata kidonge kimoja.

Sasa gharama. Makadirio haya ni yangu. Kiongozi mwenye vikundi vinne vya watu wanane huketi navyo saa sita kwa wiki, na kwa mwaka hupitisha mizunguko mitatu: watu 96. Wagonjwa wetu 60,000 wanahitaji viongozi 625, yaani mmoja kwa kila wakazi 2,000. Kila mmoja akilipwa shilingi 300,000 za Uganda kwa mwezi, jumla ni shilingi bilioni 2.25 kwa mwaka, au 37,500 kwa mgonjwa. Tuizidishe mara mbili kwa ajili ya mafunzo, usafiri na wasimamizi: 75,000. Tukigawa kwa wale 40 katika 100 wanaopona kwa sababu ya kikundi chenyewe, kila aliyepona amegharimu 187,500. Kwa kila mwananchi, mgonjwa au mzima, ni shilingi 3,600 kwa mwaka.

Fungu hilo la pili, la usimamizi na mafunzo, ndilo ninaloliogopea zaidi, kwa sababu ndilo hukatwa kwanza bajeti inapobana. Kiongozi asiye na wa kumuuliza atafanya nini mshiriki anapotaja kujiua, au anapoanza kusikia sauti? Kikundi hakitibu kichaa wala kifafa. Wenye maradhi hayo wanahitaji dawa zisizokatika katika kituo cha afya kilicho karibu, na yule daktari mmoja anapaswa kubaki na nafasi kwa ajili yao. Na zile 300,000 zilipwe kweli. Mipango mingi ya afya vijijini huwategemea wanawake wafanye kazi hii bure, wakitoka shambani, halafu wanapochoka na kuacha inasemwa kuwa wananchi hawajitolei.