Lita Moja ya Petroli, Nusu Glasi ya Jasho

Mwiba wa mathenge unaweza kufika sentimita tano, na ukiingia kwenye tairi haukomei kwenye mpira wa juu. Fundi wa baiskeli wa Garissa ameshauzoea. Anaipindua baiskeli ikasimama kwa usukani na siti, anabandua tairi kwa vyuma viwili bapa, anaijaza tyubu upepo na kuizamisha kwenye beseni la maji. Vipovu vikianza kutoka, anaweka kidole hapo. Anakwaruza kwa msasa, anapaka solusheni, anaipuliza mpaka inakauka, anabandika kiraka. Halafu anafanya jambo ambalo asiye mwenyeji hulipita bila kulitazama: anapitisha kidole ndani ya tairi, taratibu, mzunguko mzima, akitafuta ncha ya mwiba iliyovunjikia humo. Ikibaki, tyubu itatoboka tena kabla mwenyewe hajafika nyumbani.

Nimeanza na mwiba kwa sababu anayesema "panda baiskeli" bila kuujua mathenge hajui anazungumza na nani. Mti huo uliletwa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 uzuie jangwa, ukaenea mpaka ukawa kero ya wafugaji na ya kila mwenye gurudumu kando ya mto Tana. Hata hivyo baiskeli bado zipo, na ipo sababu ya kuzitazama upya.

Kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya kusimamia nishati, EPRA, hutangaza bei za mafuta zitakazoanza usiku huo. Mwaka 2023 ulikuwa mchungu. Mwezi wa Julai kodi ya VAT kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Oktoba lita ya petroli Nairobi ilikuwa shilingi 217.36. Huku kwetu huongezwa gharama ya lori linaloyaleta; ndiyo maana katika orodha ya miji, Mandera kwa kawaida ndiyo inayoshika bei ya juu kuliko yote. Bei ikipanda hivyo, nauli ya bodaboda hupanda nayo, na nauli ikishapanda ni nadra kurudi ilikokuwa. Tuseme mtu analipa shilingi 50 kwenda kazini na 50 kurudi, siku 26 za mwezi. Hiyo ni 2,600. Kwa mwuza nguo sokoni au mlinzi wa lango, hiyo ni ada ya mtoto au unga wa mwezi mzima.

Ninalotaka kulitetea ni hili: Garissa ni mji wa baiskeli na wa miguu kuliko tunavyoamini wenyewe. Hauna vilima. Kutoka mtaa mmoja, au bulla kama tunavyoiita, hadi mwingine ni kilomita chache tu. Kinachotukalisha kwenye tuktuk ni joto zaidi kuliko umbali, na joto ni jambo ambalo sayansi inalielewa vizuri.

Tuanze na hesabu ya nishati. Lita moja ya petroli imebeba takriban kilokalori 8,000. Mtu wa kilo 70 akiendesha baiskeli mwendo wa wastani kwenye lami tambarare hutumia kama kilokalori 25 kwa kila kilomita. Ukigawa, unapata kilomita 320. Maana yake, nishati iliyomo ndani ya ile chupa ya lita moja inayouzwa kando ya barabara ingetosha kumtoa mwendesha baiskeli Garissa na kumfikisha karibu na Thika. Pikipiki ikitiwa lita hiyohiyo haifiki hata Ukasi. Si kwamba injini yake ni mbovu. Injini ya petroli na misuli ya binadamu hazijaachana sana, kila moja hugeuza kama robo tu ya nishati yake kuwa mwendo. Tofauti iko kwenye mzigo na kasi. Pikipiki inabeba chuma kizito kuliko abiria wake, na inaupasua upepo kwa kasi inayoufanya upepo uwe ukuta. Baiskeli ina kilo 15 au 20, na inakwenda polepole kiasi cha upepo kuipisha.

Hesabu hiyo inabadilika ukiiacha lami. Kwenye mchanga laini gurudumu linazama, na kila mzunguko wa pedali unakuwa wa kujichimbua. Hapo ni afadhali kushuka ukaisukuma. Kwa hiyo mtaa ukitiwa lami, kwa mwenye baiskeli ni sawa na kupewa miguu mipya.

Sasa joto. Nimesema robo ya nishati ya mwili ndiyo inayosukuma pedali. Robo tatu zilizobaki hugeuka joto ndani ya misuli, na lazima litoke. Ngozi ya binadamu ina nyuzijoto 35 hivi. Hewa ikiwa baridi kuliko hapo, joto linatoka lenyewe kwenda hewani. Lakini adhuhuri ya Februari au Machi Garissa hufika nyuzi 36 na 37, na hapo njia inageuka: hewa ndiyo inayotupasha sisi. Mlango mmoja tu unabaki wazi, nao ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na kilokalori zipatazo 580.

Mtu anayeendesha kilomita nne, kwa dakika 16 hivi, huzalisha joto la kilokalori kama 75 au 80. Kuliondoa kunahitaji jasho lisilozidi sana nusu glasi. Jua likiwa kali kiasi hicho huongezeka, lakini bado tunazungumzia glasi moja ya maji kunywewa ukifika.

Hapa Garissa ina bahati ambayo Mombasa haina. Pwani hewa imejaa unyevu. Jasho halikauki, linatiririka, na jasho linalodondoka chini halijapoza kitu. Huku hewa ni kavu na jasho linanyauka papo hapo. Tazama mgongo wa shati jeusi la mtu aliyetembea mchana: hakuna kilicholowa, kuna mistari myeupe ya chumvi tu. Mwendo wa baiskeli nao huleta upepo wake, unaoharakisha kukauka huko, ndiyo sababu mtu huhisi joto ghafla akisimama. Hatari yake iko hapohapo. Kwa kuwa hujioni umelowa, hujui umepoteza maji kiasi gani, na kiu huchelewa kusema. Ukiona kizunguzungu, kichwa kinagonga, au ngozi inasisimka, tafuta kivuli. Ubishi wa mwili na jua hauna mshindi mwingine ila jua.

Mwili hujifunza pia. Mtu akijizoeza kwenye joto kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, maji ya damu yake huongezeka, jasho huanza kutoka mapema, na chumvi inayopotea hupungua. Kwa hiyo siku tatu za kwanza zisimkatishe mtu tamaa. Na tusisahau saa. Alfajiri ya Garissa ina nyuzi 23 au 24, na huo ndio muda ambao wengi wanatoka nyumbani. Mwezi wa Ramadhani, mwendo mrefu usubiri usiku, baada ya tarawehe, maji yakiwa karibu.

Kuna swali ambalo kina mama huliuliza, na lina haki ya kujibiwa kwa ushahidi: je, buibui jeusi halizidishi joto? Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanasayansi waliopima joto chini ya majoho ya Mabedui jangwani, meusi na meupe. Kitambaa cheusi kilikamata joto zaidi la jua, hilo ni kweli. Lakini joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa. Vazi pana huacha nafasi ya hewa kupita, na hewa hiyo huliondoa joto kabla halijaufikia mwili. La muhimu ni upana wa vazi zaidi ya rangi yake. Mwanamke anayetembea na wenzake baada ya alfajiri, ndani ya buibui pana, amevaa vazi ambalo watu wa jangwani wamelijaribu kwa karne nyingi.

Na kutembea au kuendesha baiskeli kuna faida gani mwilini? Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na utingo walikuwa basi moja, mshahara na mitaa yao haikuachana sana. Dereva alikaa siku nzima. Utingo alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi. Tangu hapo ushahidi umezidi kulimbikizana, na leo Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki.

Namna mazoezi yanavyofanya kazi inapendeza kuijua. Baada ya sahani ya wali au baasto na chai yenye sukari ya kutosha, glukosi hujaa kwenye damu. Ili iingie kwenye misuli, kwa kawaida insulini ndiyo inayofungua mlango. Lakini misuli inayofanya kazi huufungua mlango huo yenyewe, bila kungoja insulini. Kwa mtu ambaye insulini yake imeanza kudhoofika, robo saa ya kutembea baada ya chakula ni nafasi nyingine ya sukari kutoka kwenye damu. Uzito uliozidi huchangia udhaifu huo, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha asilimia 27 ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na uzito uliozidi, na kati ya wanawake ni asilimia 38.5.

Sisi wa kaskazini mashariki hatukuzaliwa watu wa kukaa. Babu aliyefuata ngamia hakuhesabu kilomita, alihesabu visima. Wafugaji wenzetu Waturkana wamechunguzwa kwa kina, zaidi ya watu 3,000, na matokeo yakatolewa mwaka 2020: wafugaji walikuwa na moyo na damu yenye afya nzuri sana, na waliohamia mijini ndio walioonyesha dalili mbaya. Kuwa Mturkana hakukuwakinga. Maisha ya ufugaji ndiyo yaliyowakinga.

Je, bei ya mafuta inaweza kuturudisha kwenye miguu? Mwanauchumi Charles Courtemanche alilipima hilo huko Marekani, akachapisha mwaka 2011 kwamba petroli inapopanda, baada ya miaka kadhaa unene hupungua, kwa kuwa watu hutembea zaidi na kula hotelini mara chache. Cuba ndiko jambo hilo lilikotokea kwa nguvu. Muungano wa Kisovieti ulipoanguka mwaka 1991 mafuta yalikatika, baiskeli zaidi ya milioni moja zikaingia kutoka China, na watu wakapungua kilo tano na nusu kwa wastani. Vifo vya kisukari na moyo vilishuka baadaye. Uchumi ulipopata nafuu, uzito ulirudi, na kisukari kikarudi nao.

Siitaji Cuba kwa kuisifu. Watu walikonda kwa njaa pia, na zaidi ya 50,000 walipata ugonjwa wa neva uliohusishwa na upungufu wa lishe. Huku kwetu dizeli ndiyo inayoleta unga na maji ya lori, na ndiyo inayowasha umeme wa Wajir na Mandera. Anayesema bei ya juu ni baraka hajasimama kwenye foleni ya madumu wakati wa ukame. Bei humsukuma mtu nje ya tuktuk kwa miezi michache. Barabara ndiyo itakayomfanya asirudi.

Na barabara zetu zinaua. Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na waendao kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote. Uholanzi, baada ya mafuta kuadimika mwaka 1973 na wazazi kuandamana dhidi ya vifo vya watoto wao barabarani, walichonga njia za baiskeli zilizotengwa na magari. Garissa haihitaji mapesa ya Uholanzi. Inahitaji ukingo wa lami wenye upana wa mita moja na nusu usioegeshwa tuktuk, mistari ya mwarobaini upande wa magharibi wa barabara ili kivuli kianguke njiani alasiri, na mtungi wa maji kwenye kila kituo. Mwarobaini unastahimili ukame wetu, na haumwagi miiba.

Wapo ambao tayari wanapata dakika zao za mazoezi bila kuzihesabu. Mzee ambaye msikiti uko mwendo wa dakika tano, akienda kwa miguu kwa sala zote tano na kurudi, ametembea dakika 50 kwa siku, 350 kwa wiki. Kabla jua halijachomoza, daraja la Tana lina watu wanaovuka kutoka Madogo: wanafunzi, wauza mboga, kijana mwenye magunia mawili kwenye keria akiegemea usukani. Hewa ya mto bado ni baridi, na shati lake halijapata mstari hata mmoja wa chumvi.