Autunaiti: Mng'ao Wake Si Kipimo cha Mionzi

Autunaiti ni madini ya urani yenye rangi ya manjano na kijani, yaliyopewa jina la mji wa Autun, Ufaransa. Yakimulikwa kwa miale ya urujuanimno, hung'aa kijani kikali. Mng'ao huo hukoma taa inapozimwa. Mionzi yake, isiyoonekana kwa macho, haikomi. Uraninaiti, yenye urani nyingi zaidi, haing'ai kabisa.

Autunaiti ni laini na, ikipoteza maji, humeguka kuwa vumbi lenye madhara likivutwa au kumezwa. Aidha, hutoa gesi ya radoni. Nchini, ambako urani imegunduliwa wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, mwananchi anayeshuku jiwe asilivunje wala kulihifadhi nyumbani, bali aitaarifu Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.