Fahamu: Kuiaga Photoshop bila kupoteza kazi zako

Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya Photoshop hayatauzwa tena mara moja ukayamiliki. Utalipia kila mwezi. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo, ikidai iliwaficha wateja ada ya kujitoa mapema.

Mbadala zipo. GIMP ni ya bure tangu miaka ya 1990, na toleo la 3.0 la Machi 2025 limeleta, kwa kuchelewa sana, uhariri usioharibu picha ya awali. Affinity, iliyonunuliwa na Canva mwaka 2024, ikawa ya bure Oktoba 2025, ila zana zake za akili unde zinadai malipo. Wenye faili za RAW wana darktable: ina nguvu, lakini inataka subira.

Ugumu uko kwenye kuhama. Marekebisho uliyofanya katika Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, hayamo ndani ya picha. Yamehifadhiwa kwenye katalogi, na programu nyingine huyasoma nusunusu, zikiyasoma. Kwa hiyo, kabla hujasitisha malipo, toa nakala za TIFF za picha unazozithamini. Faili za PSD za Photoshop zijaribu kwanza kwenye programu mpya, hasa zenye maandishi na tabaka nyingi, maana hizo ndizo huvurugika.