Jabali la Ziwa katika Tangi la Kioo

Aghalabu mtu wa bara anapoingiwa na shauku ya kufuga samaki wa maji chumvi katika tangi la kioo, jambo la kwanza analolitamani ni mawe ya bahari, yaani vipande vya matumbawe vilivyookotwa pamoja na viumbe wadogo waliomo katika vitundu vyake. Kwani jiwe la namna hiyo hulipamba tangi, na papo hapo huwa makao ya bakteria wanaoigeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa naitriti, kisha naitreti, ambayo madhara yake ni haba. Sifa hizo ni za haki. Walakini Bariadi, kwetu Simiyu, si Bagamoyo ya pwani: jiwe lililosafiri siku mbili bila maji hufika na maiti ndani yake, nazo huoza tangini, tena matumbawe ya pwani yetu yameteseka mno kwa kung'olewa na kuchomwa chokaa, hususan Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995. Nasema kwa dhati kwamba mkaazi wa Simiyu hana haja ya kuagiza kutoka mbali pambo ambalo Mola amemwekea mlangoni.

Wilaya yetu ya Busega imepakana na Ghuba ya Speke, na katika pande hizo za Ziwa Viktoria, kama ilivyo Mwanza, yako majabali ya graniti yaliyobebana majini, jiwe juu ya jiwe, yakiacha baina yake mianya na mapango yasiyohesabika. Humo hukaa samaki wadogo wa jamii ya furu, wale wa miamba, waitwao mbipi. Mmoja wao alipewa mwaka 1985 jina la Mwalimu Julius Nyerere, na leo wataalamu humwita Pundamilia nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu, mbavu za manjano na milia myeusi, na wafugaji wa Ulaya na Marekani humthamini sana. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliwaangamiza furu wengi wa maji wazi, ilhali hawa wa miamba walisalimika zaidi.

Basi tangi liwe la maji yasiyo na chumvi, nalo jiwe liwe graniti, la umbo la kuviringana, na mawe yote yawe ya rangi moja na asili moja, maana jicho hutambua upesi mkusanyiko wa vitu visivyojuana. Asiye na yakini na jiwe lake alidondoshee siki: likitoa mapovu lina chokaa, nalo litaongeza ugumu wa maji taratibu. Lisuguliwe kwa brashi na maji matupu bila sabuni, wala lisitiwe motoni, kwani laweza kupasuka.

Kosa la kawaida katika kupanga, nami nililitenda, ni kumwaga mchanga kwanza kisha kusimamisha mawe juu yake. Furu ni mchimbaji. Dume atakaye makao huchota mchanga kwa kinywa kutwa nzima, na siku ya nane mnara wangu ulianguka ukatia ufa kioo cha mbele. Jiwe la msingi likae juu ya sakafu ya tangi yenyewe, limetandikiwa sponji nyembamba, mchanga ufuate baadaye. Kila jiwe la juu liegemee mahali patatu, nalo lisukumwe kwa mkono kabla ya maji kuingia, kwa sababu graniti, yenye uzito wa kilo 2.6 hivi kwa kila lita ya ujazo wake, hupungukiwa na kilo moja ikizama, na jiwe linalocheza nje litacheza zaidi ndani.

Jiwe kubwa kuliko yote lisiwekwe katikati. Katika tangi la urefu wa sentimita 120 mimi huliweka yapata sentimita 40 kutoka upande mmoja, kisha madogo huliandama kwa kupungua, na mikunjo na nyufa za yote huelekea upande mmoja, kama zielekeavyo katika jabali la asili. Upande wa pili huuacha mtupu, mchanga tu. Utupu huo huwatia wengi wasiwasi hata wakaujaza, ilhali ndio unaolipa jicho pumziko na samaki uwanja. Nyuma ya mawe ibaki nafasi ya vidole vinne, maji yapite. Mapango yawe mengi kuliko madume, na kila pango liwe na milango miwili, kwani mnyonge akikimbizwa mahali pasipo na pa kutokea huuawa. Kadhalika pawepo mianya myembamba kwa jike, ambaye hubeba mayai na vifaranga vyake kinywani na huhitaji faragha.

Maadamu graniti haina vitundu kama matumbawe, bakteria hukaa juu ya ngozi yake tu. Kwa hiyo kazi kubwa ya kusafisha maji iachiwe chujio la sponji lenye pampu ya hewa, na kwa wiki nne hadi sita tangi lipewe chembe chache za chakula kila siku bila samaki, bakteria waongezeke. Afugwe Pundamilia wa aina moja tu, kwa sababu majike wa aina zake hushabihiana na huchagua dume kwa rangi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1997 ulidhihirisha kwamba maji yakiwa na tope uchaguzi huo hukosewa na aina huchanganyika. Taa nayo iwe nyeupe, imulike zaidi mbele ya jiwe kubwa kuliko nyuma yake, ili dume atokapo kivulini wekundu wa mgongo wake ukutane na kijivu cha jabali.