Seli Inayojitoa Mhanga

Wahenga walinena kuwa heri nusu shari kuliko shari kamili. Methali hii twaitumia kwa wanadamu, kumbe hata ngano shambani huifuata!

Mmea hauna damu ya kusafirisha askari mwilini kama yetu. Kila seli hujilinda yenyewe. Ndani yake mna protini ziitwazo vipokezi, na hizi ndizo mabawabu. Hebu tutazame kutu ya shina, ugonjwa ambao wakulima wa ngano wa Narok na Njoro wanaujua sana. Huletwa na kuvu. Mbegu zake hupeperushwa na upepo, zikatua juu ya ngano, zikaota na kupenya ndani. Kisha kuvu huingiza protini zake katika seli ili kuilegeza, halafu huanza kunyonya chakula.

Sasa, ngano yenye bawabu aitwaye Sr35 haikubali. Bawabu huyo hukamata protini moja ya kuvu. Mabawabu watano, kila mmoja na mateka wake, huungana wakafanya duara. Duara hilo hufungua tundu katika utando wa seli, kalisiamu huingia kwa wingi, na seli hufa. Umbo la duara hilo wanasayansi walilionyesha mwaka 2022.

Utaniuliza, "Je, kujiua ndiko kupona?" Naam! Kuvu hili hula seli zilizo hai tu. Seli chache zikifa, mgeni hukosa chakula, naye hushindwa kuenea. Huonekana vidoa vidogo tu, na mmea huendelea kukua.

Lakini bawabu naye huweza kuhadaiwa. Kwa miaka mingi ngano nyingi duniani ilitegemea jeni ya kinga iitwayo Sr31. Mwaka 1998 kutu iliyoishinda iligunduliwa Uganda, ikaitwa Ug99. Haikukawia kuingia Kenya. Seli hazikumtambua adui, hazikufa mapema, na kwa hivyo mashamba mazima yakaangamia. Ndiyo sababu watafiti hutaka ngano yenye jeni kadhaa za kinga pamoja, kwani kuwahadaa mabawabu wengi kwa mpigo si rahisi.

Basi mwanafunzi mwenzangu, unapomega mkate wako wa saa nne, kumbuka kuwa huenda kuna seli zilizokufa ili wewe ule.