Unatoka parking kinyumenyume Lizaboni, nani apite kwanza?

Wadau, kuna kitu kilitaka kunitoa roho hapa Lizaboni. Nilikuwa nimepaki mbele ya maduka, pua ya gari ikitazama duka, kama tunavyopaki wengi. Kushoto kwangu Fuso linapakia magunia ya mahindi, kulia kuna Noah. Nikaanza kutoka kinyumenyume. Dogo mmoja, wale wa kujitolea, akasimama nyuma akipiga kofi buti: "Njoo, njoo, njoo braza, njoo!" Nami nakuja. Ghafla: "Simamaaa!" Breki. Bodaboda imepita nyuma yangu, juu yake mama na mtoto mgongoni. Nafasi iliyobaki ilikuwa kama kiganja.

Nikashuka na hasira. "Huoni kama natoka?" Jamaa wa boda kanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, mimi nipo barabarani, wewe ndio unaingia." Nikakosa la kusema. Kweli tupu.

Hapo ndipo tunapochanganya. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, unasema anayerudi nyuma ahakikishe kwanza hamhatarishi wala hamzuii mwingine. Anayechomoka kwenye mstari wa magari yaliyopaki naye ahakikishe kwanza hahatarishi mtu. Kwa hiyo kuwasha hazadi au kupiga honi hakukupi haki yoyote, unawatahadharisha watu tu. Na yule dogo wa "njoo njoo" anaangalia bampa lako lisigonge kitu, barabara haiangalii. Akikosea, mwenye kesi ni wewe uliyeshika usukani.

Halafu fikiria tunavyokaa. Sisi tunaendesha kushoto, usukani upo kulia. Ukipaki pua dukani upande wako wa barabara, magari ya upande huo yanakuja kutoka kushoto kwako, kulekule kwenye Fuso. Huoni kitu mpaka makalio ya gari yawe yameshafika barabarani. Mjini mwendo mwisho ni 50 kwa saa, na hiyo ni karibu mita 14 kila sekunde. Ukitumia sekunde 4 kujinyoosha, anayekuja ameshakula zaidi ya mita 50.

Sasa ustaarabu. Kuna dereva muungwana atasimama akupishe, atakuwashia taa. Asante yake, lakini hapo ndipo pabaya zaidi! Kwanza taa kwa mwingine maana yake "pita", kwa mwingine "kaa hapo, napita mimi". Pili, yeye kukupisha hakumfungi aliye nyuma yake. Boda wataona gari limesimama, watalipita pembeni, wakukute katikati. Ukipishwa, toka polepole kama hujapishwa. Nanyi mnaopisha, chungulieni kioo kwanza.

Na daladala? Mkataba huohuo unapendekeza mjini mabasi ya abiria yapunguziwe mwendo yatoke kituoni. Ila umesema kituo chenye alama. Hiace inayosimama popote konda anapogonga bati haimo humo, samahanini makonda.

Siku hizi naingia kinyumenyume, natoka kwa pua. Wakati wa kuingia nafasi naiona ni tupu, na wakati wa kutoka macho yangu yapo mbele. Tatizo ni walio nyuma hawana subira. Jumamosi iliyopita niliwasha indiketa mapema, nikasimama, nikaanza kurudi, wakapiga honi mpaka muuza mihogo akanicheka. Nikaingia hivyohivyo. Nilipowasha gari niondoke, katoto kameinama mbele ya bampa kanaokota vizibo vya soda. Nikazima, nikakasubiri kamalize.